Upawa wa Mary: Dhidi ya Dhana ya "Mwanamke wa Enzi ya Victoria"

Yeyote aliyepata kufundisha riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19 katika vyuo vyetu anaijua sentensi inayofungua sura ya mwisho ya Jane Eyre (1847). Msimulizi anamgeukia msomaji na kumpasha kwamba ndoa imekwisha kufungwa, naye anaipasha habari hiyo akiwa yeye mwenyewe ndiye kiima cha kitenzi. Kiima hicho kimeandikiwa kurasa na kurasa. (Kwa mfasiri wa Kiswahili shughuli ni pevu zaidi, maana kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, atakayetaka kumpa Jane utendaji wake sharti aivunje sarufi au asake kitenzi kingine.) Lakini ni wangapi kati yetu walioendelea kusoma hadi mwisho wa ukurasa ule? Jane anarejea kutoka kanisani, anaingia jikoni, anamkuta Mary akipika na John, mumewe Mary, akisugua visu. Anawapa habari. Mary, aliyekuwa akiwamiminia mafuta kuku wawili waliokuwa wakiokwa motoni, anauacha upawa ukining'inia hewani kwa muda wa dakika tatu hivi. Visu vya John navyo vinapumzika. Kisha kazi inaendelea.

Makala haya yanauhusu upawa huo. Tunadai kwamba kiumbe aitwaye "mwanamke wa enzi ya Victoria", tuliyemrithi kutoka kwa wahakiki wa Uingereza na Marekani na kumfundisha kwa bidii kana kwamba alipata kuishi, ni tabaka lililovishwa vazi la jinsia. Aliyefungiwa nyumbani, aliyenyimwa kazi, aliyedhoofika kwa kutofanya lolote, alikuwa mke au binti wa bwanyenye. Chini ya paa lile lile aliishi mwanamke wa pili ambaye msiba wake ulikuwa kinyume cha huo: kazi haikumwisha. Uhakiki unaowajumuisha wawili hawa katika nomino moja ya umoja unamwibia wa pili ili kumtajirisha wa kwanza, na wizi huo haupungui ubaya kwa kuwa unafanywa kwa jina la ukombozi wa wanawake.

Na tuanze na malaika. Coventry Patmore alianza kuchapisha utungo wake mrefu The Angel in the House mwaka 1854, na kichwa cha utungo huo kimekuwa msamiati wa uhakiki kuliko utungo wenyewe, ambao leo haba wausomao. Mwaka 1931 Virginia Woolf alisimulia katika mhadhara jinsi alivyolazimika kumuua Malaika wa Nyumbani ili apate kuandika. Tangu hapo mafunzo yamekuwa yale yale: mwanamke wa Victoria alifanywa pambo la nyumba, akanyimwa mali, kura na elimu, na riwaya za enzi hiyo ni kumbukumbu ya ama utiifu wake ama uasi wake. Hatukatai kwamba yamo ya kweli humu. Hadi sheria za 1870 na 1882 mke wa Kiingereza hakuwa na haki kamili hata juu ya senti aliyoichuma mwenyewe. Tunachouliza ni jambo dogo sana, la kijikoni: malaika huyo alipokuwa ameketi sebuleni akishona maua kwenye kitambaa, ni nani aliyewasha moto uliompasha joto?

Sensa ya 1851 ilipata zaidi ya watu milioni moja katika utumishi wa majumbani, wengi mno wao wakiwa wanawake. Hapakuwa na kazi nyingine iliyoajiri wanawake wengi kiasi hicho, viwanda vya pamba vikiwamo. Kitabu maarufu cha Isabella Beeton cha usimamizi wa nyumba, kilichotoka mwaka 1861, kinatoa vipimo bila haya. Familia yenye pato la pauni 1,000 kwa mwaka inastahili mpishi, watumishi wawili wa vyumba, yaya na mtumishi wa kiume. Familia yenye pauni 150 au 200 inastahili mtumishi mmoja wa kazi zote, na pengine msichana wa kumsaidia mara moja moja. Ujira wa huyo wa kazi zote ni pauni 9 hadi 14 kwa mwaka. Ndiye aliyeamka kabla ya alfajiri, akazoa majivu, akasugua meko, akapandisha maji na makaa ya mawe ngazi kwa ngazi, akateremsha vyungu vya haja, akapika, akafua, kisha akavaa aproni safi ili awafungulie wageni mlango kana kwamba hajafanya lolote tangu asubuhi. Bi Beeton mwenyewe, ambaye si mwandishi wa kulialia, anasita kidogo hapo na kumwonea huruma kwa upweke wake.

Ulinganishe ujira huo na bei ya riwaya. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo riwaya mpya ilitolewa katika mabuku matatu kwa shilingi 31 na peni 6. Mtumishi wa pauni 9 alipata shilingi 15 kwa mwezi. Angelifanya kazi miezi miwili bila kununua hata uzi, na bado bei ya hadithi moja isingalitimia. Wasomaji wa tabaka la kati waliazima mabuku hayo kutoka maktaba ya Mudie kwa ada ya mwaka. Kwa hiyo tunaposema kwamba riwaya ya Victoria ilimsemea mwanamke, tuseme pia ilimsemea kwa nani: kwa bibi aliyeketi karibu na moto, si kwa aliyeuwasha.

Sasa tuingie katika matini. Sura ya 12 ya Jane Eyre ndiyo ambayo kila mwanafunzi wetu huikariri anapoulizwa kuhusu haki za wanawake. Jane amepanda hadi juu ya paa la Thornfield, ametazama upeo, na moyo wake unataka zaidi ya ualimu wa mtoto mmoja. Anatangaza kwamba wanawake wana hisia kama wanaume, na kwamba ni ufinyu wa akili kusema watosheke na kupika vitindamlo, kufuma soksi, kupiga piano na kutarizi mikoba. Ni kauli ya kishujaa. Hata hivyo iangalie orodha yenyewe. Piano na mikoba ni mambo ya sebuleni, sawa. Je, vitindamlo? Nani hupika vitindamlo pale Thornfield? Jane hawezi kuchoshwa na kazi ambayo haifanyi. Jikoni kuna mpishi, na mpishi huyo hajapanda juu ya paa kutazama upeo kwa sababu chakula kingeungua.

Kinachofuata ni cha ajabu zaidi. Mara tu baada ya tangazo hilo kinasikika kicheko ambacho Jane anaaminishwa kuwa ni cha Grace Poole, na baadaye anamwona Grace mwenyewe akitoka chumbani na sinia au bakuli, akishuka jikoni na kurudi na chungu cha bia. Woolf, katika A Room of One's Own (1929), alikwazwa na mahali hapa. Aliona kwamba mtiririko umekatika vibaya, kwamba Grace Poole anatuangukia ghafla, na kwamba mkatiko huo ni alama ya hasira iliyomharibia Charlotte Brontë sanaa yake. Sisi tunasema kwamba hapa ndipo penye ukweli mwingi kuliko popote katika sura nzima. Mwanamke msomi anazungumza juu ya uhuru wa wanawake wote. Mwanamke wa mshahara anapita ukumbini na sinia. Woolf aliwaona wote wawili, akaomba yule wa pili asikatize maneno ya wa kwanza. Uhakiki wa kifeministi umekuwa ukimtii tangu hapo.

Isitoshe, kicheko chenyewe si cha Grace. Ni cha Bertha Mason, mke wa Rochester aliyefungiwa humo. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya sura kumi mtumishi anabebeshwa jina la uhalifu wa familia ya bwana wake: kitanda kinapochomwa moto, Grace ndiye aliyekichoma, Jane anashangaa kwa nini hajafukuzwa wala kupelekwa mbele ya sheria. Ukweli unapofichuka, je, Jane anamwomba Grace radhi hata kwa neno moja? Tumeitafuta radhi hiyo na hatukuiona. Wala hatujui mhakiki mashuhuri aliyeona kwamba ilikuwa wajibu.

Sandra Gilbert na Susan Gubar, katika The Madwoman in the Attic (1979), walimgeuza Bertha kuwa nafsi ya pili ya Jane, hasira yake iliyofichwa. Gayatri Spivak alijibu mwaka 1985 kwamba usomaji wa aina hiyo unamfanya mwanamke wa kutoka Jamaika kuwa kuni za kuuwasha moto wa nafsi ya mwanamke wa Kiingereza, na tunamshukuru kwa jibu hilo. Ila tangu 1985 semina zetu zimeridhika na wanawake wawili wa orofa ile ya tatu, mke wa kikoloni na mwalimu wa Kiingereza, ilhali waliomo ni watatu. Jean Rhys, katika Wide Sargasso Sea (1966), alimkumbuka wa tatu: sehemu ya mwisho ya riwaya hiyo inafunguliwa kwa maneno ya Grace Poole, na miongoni mwa mambo anayoyataja mapema ni ujira.

Ujira huo unastahili kuangaliwa. Jane alipokea pauni 15 kwa mwaka kule shuleni Lowood, na Thornfield analipwa 30. Leah, mtumishi wa vyumba, anaambiana na kibarua kwamba mshahara wake haufiki hata sehemu ya tano ya ule wa Grace, na kwamba Grace anaweka akiba benki mjini Millcote kila baada ya miezi mitatu. Baadaye Rochester anasema yuko tayari kumpa pauni 200 kwa mwaka akae na mkewe. Pauni mia mbili! Bei hiyo si ya ulezi, ni bei ya kunyamaza. Na uwezo wa kuilipa unatokana kwa sehemu na pauni 30,000 alizokuja nazo Bertha alipoolewa. (Msomaji asizifananishe na mahari yetu, hizi zilitoka kwa baba wa bibi harusi kwenda kwa bwana harusi.) Kwa hiyo mke analipia kufuli lake mwenyewe, na mtumishi anashika ufunguo. Mhakiki anayeziona hapa nafsi mbili za mwanamke mmoja amezuiwa na nini kuuona mkataba wa kazi?

Tutaambiwa kwamba Jane mwenyewe ni maskini, yatima, na mwajiriwa. Kwamba mwalimu wa nyumbani alikuwa katikati, si bibi wala mtumishi, na ndiyo sababu riwaya ilimpenda. Ni kweli alikuwa katikati. Ila aliyesimama katikati ya ngazi hujulikana kwa upande anaougeuzia uso. Katika sura ya tatu Jane, akiwa mtoto wa miaka kumi anayepigwa na kuteswa Gateshead, anaulizwa kama angependa kwenda kuishi na jamaa zake walio maskini. Anakataa. Msimulizi, sasa mtu mzima, anakiri kwamba hakuwa na ushujaa wa kuununua uhuru kwa gharama ya kushuka tabaka. Tunaustahi ungamo huu. Ni wa mwandishi asiyejidanganya. Tusiowastahi ni wahakiki wanaoupita kana kwamba haumo, kisha wakaandika kwamba Jane ni sauti ya wanyonge.

Au tazama mlango wa Moor House. Jane, amelowa na njaa imemzidi, anabisha. Hannah, mtumishi mzee, anamdhania mzururaji na kumfungia nje. Siku chache baadaye, amekwisha pata nguvu, Jane anakwenda jikoni kumsuta. Anamweleza kwamba yeye si ombaomba, na anapoulizwa kama ana elimu ya vitabu anajibu kwamba anayo tele. Hannah anaomba radhi, wanapeana mikono, tunaambiwa wamekuwa marafiki. Brontë anamtia Jane kinywani somo zuri kuhusu kutowadharau maskini, hatukatai. Lakini aliyesomeshwa somo hilo ni mtumishi, na aliyelitoa ni yule ambaye dakika moja kabla ameona uchungu kuitwa ombaomba.

Kisha unakuja urithi: pauni 20,000 kutoka kwa ami yake aliyekuwa Madeira. Jane anagawa na binamu zake watatu, kila mmoja 5,000, na kwa haki anasifiwa kwa ukarimu. Piga hesabu. Pauni 5,000 kwa riba ya asilimia 3 huzaa pauni 150 kwa mwaka, yaani kile kiwango hasa ambacho Bi Beeton, miaka 14 baadaye, angekitaja kuwa kinamruhusu mtu kuajiri mtumishi mmoja wa kazi zote. Huo uhuru wa Jane ambao vitabu vyetu vya mwongozo huuita uhuru wa mwanamke una kipimo chake kamili: unaanza pale ambapo mwanamke mwingine anaweza kulipwa pauni 9. Kwa insafu tutaje kwamba kabla ya Krismasi ile Jane anafunga aproni na kuisafisha nyumba pamoja na Hannah, na kwamba anaifurahia kazi. Anaifurahia kwa kuwa ni ya wiki moja.

Elizabeth Rigby, aliyeihakiki riwaya hii katika Quarterly Review mwezi Desemba 1848, alidai kuwa ndani yake mna roho ile ile iliyochochea ghasia za wafanyakazi wa Kiingereza na mapinduzi ya bara Ulaya mwaka huo. Watetezi wa Jane hujivunia shutuma hiyo kama nishani. Wasijivunie. Rigby aliogopa bure; hakuna bawaba moja ya nyumba ya bwana iliyong'olewa katika riwaya hii isipokuwa kwa moto wa Bertha, na moto huo ukishazimika Mary anapika kule Ferndean kama alivyokuwa akipika.

Hoja hii haikomei kwa kitabu kimoja. Ellen Dean wa Wuthering Heights (1847) ndiye anayesimulia karibu hadithi yote, kapu la mshono likiwa mapajani, kwa mpangaji mgonjwa anayelipa pango. Mamake alimnyonyesha Hindley Earnshaw, kwa hiyo Ellen na Hindley ni ndugu wa kunyonya. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa udugu huo. Hindley anakuwa bwana, Ellen anakuwa mtumishi, na wakati fulani bwana huyo, mlevi, anatishia kumtia kisu kinywani. Amewalea watoto wa nyumba mbili, amewaosha maiti wao. Na uhakiki umempa tuzo gani? Mwaka 1958 James Hafley aliandika makala ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwovu wa riwaya. Heathcliff anayenyonga mbwa wa mkewe ni roho iliyojeruhiwa. Mtumishi aliyechelewa kumwambia bwana kwamba binti yake anaandikiana barua na mvulana ni mwovu. Tunakubali kwamba Ellen si msimulizi wa kuaminika kila mara. Mtu ambaye kila neno lake linaweza kumkosesha paa la kulala hujifunza kupima maneno. Kutoaminika huko ni sehemu ya masharti ya kazi, na mhakiki anayekusoma kama tabia ya mtu binafsi amesimama upande wa mwajiri bila kujijua.

Baadhi ya wenzetu watatujibu kwamba riwaya si ripoti ya mkaguzi wa kazi, kwamba kila hadithi ina wahusika wakuu na wadogo, na kwamba haiwezekani mpishi wa kila sura apewe nafsi. Jibu hili lingetosha kama enzi yenyewe isingalitupa ushahidi wa kinyume. George Moore alichapisha Esther Waters mwaka 1894. Esther ni mtumishi wa jikoni asiyejua kusoma. Anapata mimba, anafukuzwa, anajifungua London, na njia pekee ya kujipatia riziki ni kuajiriwa amnyonyeshe mtoto wa tajiri huku wake mwenyewe akiachwa kwa mwanamke wa kulea watoto wa kulipiwa. Anagundua kwamba wanyonyeshaji wawili waliomtangulia katika nyumba ile walifiwa na watoto wao. Anamkabili bibi wa nyumba na ukweli huo: uhai wa mtoto mmoja unanunuliwa kwa kifo cha mwingine. Kisha anaondoka, anamchukua mwanawe, na wanakwenda pamoja kwenye nyumba ya serikali ya mafukara. Hapo mna wanawake wawili, mama wawili, na maziwa ya mmoja. Dhana ya "mwanamke wa enzi ya Victoria" inaweza kutuambia nini kuhusu chumba hicho? Haiwezi kusema hata ni nani kati ya wawili hao inayemzungumzia. Maduka ya vitabu ya W. H. Smith yalikataa kuiuza riwaya hiyo, na kwa mtazamo wao walikuwa na sababu.

Wala tusiwaonee waandishi. Charlotte Brontë alikuwa mwalimu wa nyumbani mwaka 1839 na tena 1841, na aliyajua maumivu ya kula peke yake. Mtumishi wa nyumba ya baba yake, Tabitha Aykroyd, alipovunjika mguu kwa kuteleza kwenye barafu mwaka 1836 na shangazi akataka aondolewe, Charlotte na wadogo zake waligoma kula hadi akaachwa abaki wamuuguze. Elizabeth Gaskell ndiye aliyetuhifadhia habari hiyo. Gaskell mwenyewe, mke wa mchungaji mjini Manchester, aliandika kuhusu mshonaji nguo aliyetongozwa na kuachwa katika Ruth (1853), na baadhi ya waumini wa kanisa la mumewe wakakitia moto kitabu hicho. Waandishi waliona zaidi ya walivyothubutu kusema. Mzigo wa makala haya unawaangukia wasomaji wa kulipwa, yaani sisi, ambao tulikuwa na karne nzima ya kuona na hatukuwa na wa kutuchomea vitabu.

Wala hatuwezi kujitetea kwamba watumishi hawakuacha maandishi. Hannah Cullwick, aliyezaliwa Shropshire mwaka 1833 na kuanza kazi akiwa na umri wa miaka minane, aliandika shajara kwa miaka karibu ishirini: idadi ya viatu alivyosugua, ngazi alizopiga deki kwa magoti, bomba la moshi alilolisafisha kwa kuingia mwenyewe ndani. Aliziandika kwa kuombwa na Arthur Munby, mwanasheria na mshairi aliyemwoa kwa siri mwaka 1873 na aliyevutiwa mno na mikono michafu ya wanawake wa kazi. Kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari, kama inavyosomwa sauti yoyote iliyoombwa na bwana. Zilichapishwa mwaka 1984. Bruce Robbins aliandika kitabu kizima kuhusu mtumishi katika fasihi ya Kiingereza mwaka 1986, na Alison Light aliandika mwaka 2007 kuhusu Woolf na wapishi wake, Nellie Boxall akiwamo. Basi milango ilikwisha kufunguliwa huko ng'ambo, na sisi tungali tunanakili maswali ya zamani.

Kwa nini hasa sisi? Mwezi Oktoba 1968 Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o walipopendekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe, waliuliza ni kitu gani kimewekwa katikati na kitu gani kimesukumwa pembeni. Riwaya za Victoria zilibaki katika mitaala, na zilistahili kubaki, lakini swali lile hatukulipeleka ndani ya nyumba zilizomo katika riwaya hizo. Tulimpata Bertha kwa kuwa alitoka koloni, tukamwona ni wetu. Grace Poole, Hannah na Mary hatukuwaona ni wetu, maana kuwaona kungetulazimu tugeuke tutazame nyuma yetu. Mhadhiri wa kike anayefundisha sura ya 12 saa mbili asubuhi ameweza kufika darasani kwa sababu yaya amebaki na mtoto. Mhadhiri wa kiume ameweza kufika kwa sababu hajawahi kuulizwa nani amebaki naye. Mwandishi wa makala haya ameyaandika usiku, na vyombo vya chakula chake vimeoshwa na msichana wa kazi ambaye kwa miaka miwili tumemwita kwa jina la mtoto wetu, "mama fulani", ilhali jina lake tunalo kwenye nakala ya kitambulisho droo ya pili. Hatukuwa na haja ya kusafiri hadi Yorkshire ili kuujua ukimya huo. Tuliusafirisha.

Tumezisahihisha insha za mtihani kwa miaka mingi kuhusu "nafasi ya mwanamke katika Jane Eyre", na tumetoa alama za juu kwa majibu ambayo hayamtaji mwanamke yeyote anayepokea mshahara isipokuwa Jane. Kosa ni la swali. Tunapendekeza liondolewe, na mahali pake paulizwe jambo ambalo mtahiniwa hawezi kulijibu kwa mwongozo wa duka la vitabu. Kwa mfano: asubuhi ile ya arusi, baada ya upawa kurudi kwenye kuku, Jane anamtia John mkononi noti ya pauni tano, akimwambia kwamba Bwana Rochester ameagiza apewe yeye na Mary. Kisha anatoka jikoni bila kungoja kusikia zaidi. Noti ni moja, mkono uliopokea ni wa mume, na aliyekuwa akipika ni mke. Mtahiniwa aeleze ilivyogawanywa.